Siku Baba Aliponiita Ndani ya Malakiti

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikuwa na majina mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa haramu nyumbani kwetu. La kwanza ni Régine, lililoandikwa kwenye cheti, kwenye daftari la shule na kwenye kitabu cha kanisa. La pili lilikuwa jina la kitovu, lile ambalo kwa watu wetu mtoto hupewa kitovu chake kinapodondoka, baada ya mzee wa nyumba kuota ni nani kati ya waliotangulia aliyerudi. Jina hilo hujulikana na watu wa ndani tu. Halitangazwi sokoni, wala haliandikwi popote. Na mimi, pamoja na ualimu wangu wote, siliandiki hapa.

Aliyeniotea ni Nkambo, bibi yangu mzaa baba. Alikuwa Mkatoliki wa kambi za wafanyakazi wa kampuni ya migodi kule Panda, rozari haikumtoka shingoni, na hakuona ugomvi wowote kati ya rozari na kitovu. Ugomvi uliletwa na kanisa jipya. Baba na mama walipoingia kwenye kanisa la maombi hapa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, mchungaji alifundisha kwamba majina yale ni kamba ambazo wafu huwavutia walio hai. Jumapili moja familia zilisimama mbele moja moja kuyakana. Baba aliinua mkono wa kulia, akasema jina la binti yake amelikata leo. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nina miaka saba, nikijitazama mwilini kuona wapi nimekatwa.

Tuliporudi nyumbani Nkambo hakufanya ghasia. Alimtazama tu mwanawe, akamwambia, "Umeikata, muzuri. Siku moja utaitafuta."

Kanisa lenyewe lilikuwa ndani ya jengo la sinema. Wakubwa wa Likasi bado wanaliita Malakiti, kwa sababu Mgiriki aliyelijenga, enzi mji ulipokuwa na jina la Wabelgiji, alilipaka kijani cha lile jiwe la shaba liitwalo malakiti na kuandika jina hilo juu ya mlango kwa herufi kubwa kuliko mtu. Lilikuwa na mlango wa mbele kwa ajili ya Wazungu, na mlango wa ubavuni kwa wafanyakazi, ambao walikaa kwenye mabenchi karibu kabisa na kitambaa cha kuonyeshea filamu, shingo zikiwauma mpaka Jumatatu. Babu yangu aliona filamu yake ya kwanza pale. Watu walipigwa risasi wakaanguka, na taa zilipowashwa alizunguka nyuma ya kitambaa kutafuta maiti zimewekwa wapi. Nkambo alikuwa akisimulia kisa hicho huku machozi ya kicheko yakimtoka.

Baada ya uhuru kila mtu aliingia kwa mlango aliotaka na kukaa alipotaka. Zikaja filamu za karate na za Kihindi, na watoto wa Kikula wakawa wanaimba Kihindi barabarani bila kujua wanasema nini. Kisha kampuni ikaanza kukosa pumzi, mishahara ikakatika, vibanda vya video vikaota kila kona, na watoto wa yule Mgiriki wakaondoka. Wakati wa uporaji uliozuka mjini viti vilibebwa vyote. Mpaka leo ukiingia sebule fulani za Kikula utakalishwa kwenye kiti chekundu kinachojikunja, na wewe nyamaza tu, unywe chai. Mbuzi walilala mle ndani miaka kadhaa kabla kanisa halijapanga jengo na kulipaka nyeupe. Lakini mvua ikiulowanisha ukuta, zile herufi za kijani zilionekana chini ya rangi.

Jambo moja la Malakiti halikumchekesha Nkambo hata siku moja, nalo ni shimo. Alisema chini ya jukwaa kulikuwa na shimo la batumbula. Wasiokulia Katanga niwaambie: batumbula ni watu waliosemekana kutumwa na Wazungu kukamata watu, kuwatia shimoni, kuwanenepesha mpaka wasahau kwao, kisha kuwala. Aliyekamatwa hupotewa na sauti kwanza, asiweze kupiga kelele. Na wanamkamataje? Wanamwita kwa jina lake, akiitika amekwisha. Nkambo alikuwa amefikiria mpaka mwisho namna walivyoyajua majina. Kampuni ilimwandika kila mfanyakazi, mkewe na watoto wake katika kitabu kikubwa.

"Mule ndani, hata usikie sauti ya papa yako, usiitike kama banakuita Régine," aliniambia zaidi ya mara moja, kwa Kiswahili chetu cha Katanga, ambamo "njo" ni "ndiyo" na "ndipo". "Sauti, banaiba. Na Régine iko mu buku, batumbula banasoma buku. Ile ya kitofu habaijue. Banakuita na ile, njo uitike."

Alifariki nilipokuwa na miaka minane na nusu. Waliobaki wakijua jina langu la kitovu walikuwa wawili, baba na mama, na wote wawili walikuwa wameapa kutolitamka.

Jumamosi moja ya masika mama alikuwa Kakanda, dada yake amejifungua. Baba alikuwa na shughuli zake, maana kesho yake, Jumapili, angewekewa mikono awe mzee wa kanisa. Kwa mtu aliyeanza maisha akichimba mawe kwa mikono, na ambaye vumbi lilimwachia kikohozi kisichokwisha, hiyo haikuwa heshima ndogo. Suti ilikuwa imeshatundikwa ukutani. Mimi nilikwenda Malakiti na akina mama wanaofagia, wakiongozwa na Mama Odette, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi kama cherehani.

Mifagio iliwekwa katika chumba kilicho chini ya jukwaa, chenye kimlango cha chuma kule nyuma. Siku ile zamu ya kuibeba ilikuwa yangu. Nikaingia, nikaiegemeza ukutani, na mwishoni mwa chumba nikaona mbao zimelazwa sakafuni kwa umbo la mraba. Nilijua ni nini. Mtoto aliyeambiwa asitazame hutazama, nami nilikwenda kutazama. Nilikanyaga ubao mmoja, ukavunjika kama biskuti, nikaenda nao.

Shimo lilikuwa refu kuliko mtu mzima, kuta zake za saruji, chini matope. Nilianguka kwa mgongo na pumzi yote ikanitoka. Juu nikamsikia Mama Odette akisema, "Nani anaachaka huu mulango wazi?" Kisha komeo likalia. Nikafungua kinywa nimwite, na sauti haikutoka.

Leo najua kwamba mtu akianguka kwa mgongo hukosa pumzi kwa muda, na wanafunzi wangu huanguka hivyo uwanjani kila wiki. Siku ile nilijua kitu kingine. Nilijua nimekamatwa, kwa sababu sauti ndiyo hutangulia kuondoka.

Sauti iliporudi, mvua nayo ilikuwa imefika. Mvua ya Likasi juu ya bati la ukumbi mkubwa ule si mchezo. Hata mchungaji mwenye vipaza sauti vyake alikuwa akikaa kimya na kuingoja ipite. Akina mama walikuwa wameshakimbilia makwao kuanua nguo, kila mmoja akidhani nimetangulia na mwingine. Nikapiga kelele mpaka koo likawaka. Kisha kwenye ukuta, usawa wa bega langu, bomba moja ambalo sikuwa nimeliona likakohoa, likatema tope, likaanza kumwaga maji.

Yalikuwa maji ya barabarani, baridi, yenye maganda na mifuko ya plastiki. Jengo lile liko bondeni. Miaka mingi baadaye mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mashine za sinema alinieleza kwamba shimo lilichimbwa kwa sababu hiyohiyo: maji ya mtaa yaingie humo badala ya kufika kwenye viti vya Wazungu, na pampu iyatoe. Pampu iliondoka na viti. Kwa hiyo shimo la batumbula lilikuwa la pampu, na lisemwalo lipo, ila si kila mara lipo vile linavyosemwa.

Maji yalifika magotini. Yakafika mapajani. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba, hivyo nilisimama kwa mguu mmoja nikishikilia lile bomba. Mwanga uliopita kwenye mbao ulikuwa unafifia. Nililia kilio cha kukata tamaa, kile ambacho mtoto halii ili asikike, analia tu kwa kuwa hana kazi nyingine. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile, si kabla wala baada.

Kisha mvua ikalegea kidogo, na nikasikia nyayo juu ya kichwa changu.

"Régine!"

Sauti ilikuwa ya baba, na Nkambo alisema sauti huibwa. Nikanyamaza.

"Régine! Uko wapi?"

Nilijiziba mdomo kwa kiganja. Juu nilisikia watu wengi, maana saa ya maombi ya jioni ilikuwa imefika na ndugu wa kanisa walikuwa wanaingia mmoja mmoja wakikung'uta miavuli. Walitafuta chini ya mabenchi, walipanda roshani, walifungua chumba cha zamani cha mashine za sinema kule juu. Mtu mmoja alifika hata kwenye kimlango cha chuma. Nilimsikia akisema, "Huku kunafungwa kwa inje, hawezi kuwa mule," akaondoka. Alikuwa na akili. Mtoto hawezi kujifungia komeo la nje.

"Régine, mwanangu, itika!"

Maji yalikuwa kiunoni. Kila nilipoitwa nilinyamaza, na kila walipotulia kilio kilinitoka tena chenyewe, kikazunguka kwenye kuta zile ndefu, wasijue kinatoka pande gani. Hapo nikamsikia mchungaji. Mchungaji alikuwa na sauti ya puani, na hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke. Aliamini alichokifundisha.

"Papa Régine, unasikia? Mutoto analia. Unataja jina yake, ananyamaza. Unaacha, analia. Ile haiko kitu ya kawaida. Ile jina ya kitofu njo inamusumbua. Ndugu, tushikane mikono, tuombe kwanza."

Wakaanza kuomba. Watu thelathini wakiomba kwa nguvu, kila mtu kwa maneno yake, na mimi chini yao maji yananipanda kifuani. Waswahili wa pwani husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, nikalishika barabara, guu likateguka vilevile, na sasa nilikuwa nazama kwa utiifu.

Katikati ya maombi yale nikasikia kikohozi cha baba, karibu sana, kwenye mbao za jukwaa. Alikuwa amepiga magoti, nadhani. Akasema, "Muchungaji, mungojee kidogo."

Hawakungoja. Basi akaliita lile jina la kitovu. Mara ya kwanza aliliita polepole, kama Nkambo alivyokuwa akiniita jioni nikachukue chakula changu. Kisha akasimama na kuliita kwa nguvu zote za kifua chake kibovu, na maombi yakakatika kama umeme.

"Papa!" nilipiga kelele. "Niko huku! Niko huku chini, mu maji!"

Niliendelea kuita, wakaifuata sauti mpaka kwenye komeo. Baba aliruka ndani ya shimo na viatu vyake, maji yakamfika tumboni, akaninyanyua juu ya kichwa chake. Mikono ya watu ikanipokea. Mama Odette alivua kitenge chake cha juu akanizungushia, akilia kuliko mimi. "Minye njo nilifunga," alikuwa anasema. "Yesu wangu, minye njo nilifunga."

Nilidhani imekwisha. Lakini ndugu hawakunitazama kama mtoto aliyeokolewa. Mchungaji alisogea, akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha.

"Papa Régine, ile jina ulisha kuikata hapa, mbele yetu wote. Kumbe ingali muzima. Na njo ile mutoto anasikia, haiko ile ya bubatizo. Sasa umuache hapa. Siku tatu, tumufungie maombi."

Nilijua kufungiwa maombi ni nini. Mwaka uliopita msichana mmoja alikaa siku tatu katika chumba cha mashine bila chakula, na tulipotoka darasa la Jumapili tulimsikia akiomba maji. Nilimshika baba shingoni kwa kucha.

"Leo alisha kufungiwa," baba akasema. "Inatosha. Ninaenda naye nyumbani."

"Kesho njo siku yako, ndugu. Fikiria muzuri."

Baba alikohoa. Nilisikia kile kikohozi kikitingisha mbavu zake na zangu. Alinibeba mgongoni kama mtoto wa kunyonya, tukatoka kwa mlango wa ubavuni.

Kesho yake alivaa suti. Sijui kwa nini aliivaa. Alikaa uani kwenye kiti, tai imekazwa, na nyimbo za Malakiti zikawa zinatufikia vizuri kabisa, maana mvua ilikuwa imeosha hewa. Mchana aliivua, akaikunja. Hakuna aliyekuja isipokuwa Mama Odette na sahani ya mikate, naye alipitia uchochoroni. Mama aliporudi kutoka Kakanda alilia kama msiba umeingia. Ndugu wa kanisa, ambao walikuwa ndio marafiki, ndio majirani, ndio watu aliochimba nao shimo moja la mawe, walibadili njia walipomwona. Sokoni niliitwa mtoto wa majina mawili. Baba hakuingia kanisa lingine, na mtu anayejua Kikula anajua maana ya kuishi Kikula bila kanisa. Alikuwa kama mtu anayekaa katika nyumba isiyo na madirisha.

Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki kwa namna mbili. Kwa walimu wenzangu nilikisimulia kuonyesha jinsi ushirikina ulivyokaribia kuniua. Kwa binamu zangu wa Panda nilikisimulia kuonyesha jinsi Nkambo alivyoniokoa. Namna zote mbili zilipendwa, na zote mbili zilificha kitu. Nilijua ni baba. Nilijua tangu alipoita mara ya kwanza. Sauti huibwa, sawa, lakini batumbula gani angeiba kikohozi kile? Nilikisikia kati ya "Régine" ya kwanza na ya pili, na nikaziba mdomo wangu kwa mkono wangu. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nakufa kwa baridi, na nilitaka kujua kama kweli alinikata.

Mwaka huu Malakiti imeuzwa kwa mfanyabiashara wa mawe. Nilipita nikaona bati limeng'olewa na ndani kumejaa magunia ya madini, na mlinzi akanifukuza kama mwizi. Nilikwenda moja kwa moja kwa baba. Sasa ni mzee, kikohozi kimemmaliza, anashinda barazani akichambua maharagwe ya mama. Nilikaa, nikachambua naye, na kabla woga haujanirudia nikamwambia.

"Papa, ile siku, nilijua ni weye. Tangu mara ya kwanza."

Hakuinua macho. "Najua."

"Unajua namna gani?"

"Ulikuwa unalia. Nikaita, ukanyamaza. Mutoto mwenye haisikie, ananyamaza juu ya nini?" Alitupa jiwe moja uani. "Nilikasirika. Nikasema, huyu mutoto ananipa mutihani mbele ya batu. Nikapiga magoti, nikazidi kukasirika. Kisha nikaona, jibu niko nayo."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, nimeyapanga njia nzima. Badala yake nikamuuliza kama aliwahi kuujuta ule uzee wa kanisa. Nilitaka aseme hapana. Nilitaka sana. Aliweka ungo chini.

"Ndiyo," akasema. "Sana. Mpaka leo."

Iliniuma, sitasema haikuniuma. Tangu hapo nimekuwa nikiligeuza jibu lile kila ninapofagia, kila ninapopika, na nimeanza kulishukuru. Angesema hajuti, ningeamini kwamba siku ile hakupoteza kitu, na kwamba kuniita kulikuwa rahisi. Baba alikuwa na jambo moja tu maishani ambalo watu walimheshimu kwalo, alilipenda, na analitamani hata sasa akiwa mzee wa maharagwe. Alijua atalipoteza pale alipopiga magoti juu ya mbao, na akaniita.